Kiangazi cha Ishango: Wanyama na Ndege wa Bonde la Semliki

Watu wengi wa Butembo na Beni huijua nchi yao kuwa nchi ya mvua na ukungu, nchi ya migomba, maharagwe na kahawa. Lakini upande wa mashariki, milima ikomapo, iko nchi nyingine kabisa. Huko chini ni tambarare ya mto Semliki na Ziwa Edward, mahali pa joto, pa nyasi na miti ya miiba. Milima ya Lubero upande huu, na Ruwenzori upande ule, hunyakua mvua, na tambarare hupata masazo tu. Mwezi wa Januari na Februari, na tena mwezi wa Juni na Julai, nyasi hukauka, moto hupita, na vidimbwi hugeuka matope yaliyopasuka. Ziwa na mto ndivyo vibakiavyo.

Basi, wakati huo ndio mwema kwa mtu apendaye kutazama wanyama. Siku za mvua kila mnyama hupata maji karibu, naye hufichwa na majani marefu. Kiangazi kikikaza, kiu huwakusanya wote mahali pamoja. Pale Ishango, mto Semliki utokapo ziwani kwenda zake Ziwa Albert na Nile, viboko hulala ubavu kwa ubavu. Nyati hushuka jioni kwa mistari mirefu. Yangeyange weupe hupanda juu ya migongo yao, wakiokota wadudu.

Ndege ndio wengi kupita wote. Mwari huelea makundi makundi na kuchota samaki kwa mfuko wa mdomo wake. Mnandi hupiga mbizi, kisha huanika mabawa yake juu ya gogo. Furukombe mwenye kichwa cheupe huita kutoka kilele cha mti. Mdiria hupigapiga mabawa hewani pasipo kusogea, ghafula akajitupa majini. Kongoti mwenye upara hungojea matumbo ya samaki karibu na mitumbwi. Katika hifadhi nzima ya Virunga wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 700 za ndege.

WAGENI WATOKAO MBALI

Si wote walio wenyeji. Kati yao wamo wasafiri waliotoka Ulaya kwa kukimbia baridi. Mmoja ni ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, atikisaye mkia kila atuapo, apendaye kufuata miguu ya ng'ombe na nyati ili ale wadudu wanaoruka. Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja wa Sweden, Kai Curry-Lindahl, alimchunguza sana huko mashariki ya Kongo, akaona jambo la ajabu. Ndege hawa, ingawa hula pamoja katika malisho yale yale, ni wa mataifa mbalimbali: wengine huzaa kando ya bahari ya Mediteranea, wengine kaskazini kabisa ya Ulaya. Wa kusini huondoka mapema, mnamo Februari na Machi, kwa kuwa kwao joto hurudi mapema. Wa kaskazini hungoja hata Aprili au Mei, theluji ya kwao iyeyuke. Na sisi hapa tupo karibu na ikweta, ambako mchana hauzidi wala haupungui. Nani awaambiaye kwamba saa imefika? Nabii Yeremia alimsifu ndege wa angani ajuaye majira yake, akawaaibisha watu wasiojua yao.

Wasafiri hawa hutufundisha pia ukame wa kweli ulivyo. Mwaka 1969 watu wa Uingereza waliozoea kuhesabu ndege walishtuka. Aina moja ya ndege wadogo wenye koo jeupe, warudio kila mwaka kutoka Afrika, walikuwa wamepungua karibu robo tatu. Kisa chake kilikuwa ukame wa nchi za Sahel, kusini ya Jangwa la Sahara, walikokuwa wamekaa wakati wa baridi. Huko mvua ilikosekana mwaka baada ya mwaka, tangu 1968 hata 1973, ikaua mifugo na watu pia.

WALIOFIKA MAJINI ZAMANI

Lakini Ishango si mahali pa wanyama tu. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba ukingoni mwa mto, akapata vyusa vya mfupa, mifupa ya samaki na ya viboko, na kijiti kimoja cha mfupa chenye alama zilizochongwa kwa safu kama za mtu anayehesabu. Kijiti hicho, ambacho umri wake hukadiriwa kuwa miaka kama 20,000, sasa kipo Brussels. Basi tangu zamani hizo watu walishuka penye maji, wakijua neno lile lile: nchi ikikauka, nyama na samaki wako hapa.

Baadaye Wanande, na ndugu zao Wakonjo wa ng'ambo ya pili, waliijua vizuri tambarare hii, kwa uvuvi, kwa uwindaji na kwa biashara ya chumvi ya Katwe. Stanley alipita bonde la Semliki mwaka 1889. Miaka miwili baadaye walikuja Emin Pasha na Franz Stuhlmann. Emin alikuwa mpenzi mkubwa wa ndege, aliyekusanya ngozi zao kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya Ulaya.

Halafu ikaja miaka ya taabu. Sotoka iliangamiza ng'ombe na nyati wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890. Baada yake malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, ukaua watu wengi wa bonde la Semliki, hata serikali ya Wabelgiji ikawaondoa waliosalia na kuwahamishia kwingine.

HIFADHI NA MACHOZI YAKE

Mfalme Albert wa Ubelgiji alizuru Marekani mwaka 1919, akaona hifadhi za taifa za huko. Tarehe 21 Aprili 1925 alianzisha Hifadhi ya Albert katika Kongo, kwanza kwa ajili ya gorila wa milima ya volkano. Mwaka 1929 na 1935 ikapanuliwa, ikachukua tambarare za Ziwa Edward, bonde la Semliki na upande wetu wa Ruwenzori. Mwaka 1969 ilipewa jina la Virunga, na mwaka 1979 UNESCO ikaiandika kuwa urithi wa dunia nzima.

Tusidanganyane: kazi hiyo njema haikufanyika bila machozi. Waliokuwa wamehamishwa kwa sababu ya malale walikuta kwamba ugonjwa umetulia, lakini nyumbani kwao sasa ni kwa wanyama. Wavuvi waliruhusiwa mahali pachache tu, kama Vitshumbi na Kyavinyonge. Mtoto aliyekatazwa kutupa wavu pale alipovua babu yake hawezi kuambiwa tu kwamba nyati ni wazuri, akaridhika. Uchungu huo ulirithiwa, na wakati wa vita wako waliojua kuutumia.

SI UKAME ULIOWAUA

Sasa tufike penye hesabu yenyewe. Mwaka 1974 viboko wa hifadhi hii walikuwa karibu 29,000, wengi kuliko mahali po pote ulimwenguni. Mwaka 1994 walibaki kama 11,000. Mwaka 2005 hawakufika 900. Mwaka 2006 tena, katika majuma machache tu, mamia yao waliuawa.

Je, mvua ilikosekana? La. Ziwa Edward halikukauka. Ni kweli kiangazi huleta hatari yake: maji yakipungua, wanyama husongamana na magonjwa huambukizana. Ng'ambo ya ziwa, huko Uganda, kimeta kiliua viboko kama 300 kati ya Julai 2004 na Januari 2005, na mwezi wa Aprili 2025 kiliua wasiopungua 50 katika Virunga yenyewe. Lakini kimeta hakikula maelfu yale. Waliowala ni watu wenye bunduki: askari, waasi na wawindaji haramu wa vita vilivyoanza 1996, waliouza nyama na meno. Nao walitumia elimu ile ile ya mtazama ndege: kwamba kiu huwakusanya wote pamoja. Kiangazi humwonyesha mnyama kwa mwenye macho, na humtoa vilevile kwa mwenye risasi. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa katika kuilinda hifadhi hii, wengi wao vijana wa vijiji vyetu. Tena tangu 2014 mauaji katika nchi ya Beni yamewapata watu maelfu, hata njia nyingi za tambarare zikaachwa.

Huenda mmoja akasema: Watu wanakufa, nanyi mwalilia viboko? Swali hilo lina haki yake, na jibu lake liko sokoni Butembo, katika vikapu vya samaki. Kiboko mmoja hula nyasi kama kilo 40 kila usiku, na mchana huziacha majini kuwa samadi. Samadi hiyo huotesha vijimea vidogo vya majini, na tilapia huvila. Viboko walipokwisha, ziwa lilikosa mbolea yake. Nyavu za matundu madogo na mitumbwi isiyo na ruhusa zikamaliza kazi. Hivyo aliyemwua kiboko alimnyang'anya kitoweo mama wa Kyavinyonge na mteja wake wa Butembo, ambao hawakuwahi kumwona.

Ishango penyewe pamebaki. Viboko wameanza kuongezeka polepole, wakawa kama 1,200. Mwari huelea bado, na wageni wa kifua cha manjano hawajaacha kuja. Msomaji asiyeweza kushuka huko na aanzie kwake. Tangu Oktoba atazame malishoni penye ng'ombe, amtafute ndege yule atikisaye mkia, awaonyeshe na watoto. Aandike siku aliyomwona kwanza na siku aliyomkosa. Awaulize wazee jina lake kwa Kinande kabla hawajatutoka. Mtoto aliyezoea kumhesabu ndege mmoja, akimkosa mwaka fulani, hataacha kuuliza amepatwa na nini. Na viboko wetu walipungua kwa miaka 30, na waliouliza walikuwa wachache mno.