Mkono Uliotangulia Taa: Historia ya Askari wa Makutano

Dereva amefika makutano. Taa inawaka nyekundu, lakini trafiki aliyesimama katikati anampungia mkono apite. Amtii nani? Karibu dunia nzima jibu la sheria ni moja: amtii askari. Mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Vienna, Novemba 8, 1968, unaweka maelekezo ya askari juu ya taa, juu ya alama na juu ya kanuni za kawaida za kupishana. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, nayo inamtaka dereva atii maelekezo ya askari mwenye sare, yawe ya mdomo au ya ishara.

Ukuu huo haukuzuka hivi hivi. Mkono wa binadamu uliongoza vyombo vya usafiri kwa karibu karne moja na nusu kabla ya taa ya kwanza kuwashwa. Taa zenyewe zilipokuja, nyingi zilibuniwa ili kumpunguzia askari adha na hatari ya kusimama katikati ya barabara.

Mwaka 1722, Daraja la London ndilo lililokuwa daraja pekee la kuvukia mto Thames kuingia jijini. Nyumba na maduka yalijengwa juu yake pande zote mbili, na njia iliyobaki katikati ilikuwa finyu. Mikokoteni, magari ya farasi na waenda kwa miguu walikwamana hapo kutwa. Meya wa jiji akaagiza watu watatu wawekwe darajani, wahakikishe vyombo vinavyoingia vinashika upande wa magharibi na vinavyotoka vinashika upande wa mashariki, yaani kila kimoja kushoto kwake. Kanuni ya kushika kushoto ikakita mizizi Uingereza, ikasafiri na utawala wake, na ndiyo tunayoifuata hadi leo Tanzania, Kenya na Uganda. Majirani zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, waliotawaliwa na Wabelgiji, wanashika kulia.

Jaribio la kwanza la kumpa askari chombo cha kazi lilifanyika Desemba 1868, nje ya Bunge la Uingereza. John Peake Knight, mhandisi wa reli, alisimamisha nguzo yenye mabawa ya kuinuka na kushuka, mfano wa zile za stesheni za treni. Bawa likinyooka mlalo, vyombo vilisimama. Likiinama nusu, vilipita kwa tahadhari. Usiku ziliwaka taa za gesi, nyekundu na kijani. Nguzo haikujiendesha, ilimhitaji askari asimame chini yake na kuiendesha kwa mkono. Haikutimiza hata mwezi. Mapema Januari 1869 gesi ilivuja, taa ikalipuka na kumjeruhi askari aliyekuwa zamu. Wazo likawekwa kando kwa miongo kadhaa.

Gari la injini lilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, kazi ya makutano ikawa ya hatari zaidi. Farasi akimwona mtu mbele yake husita. Gari lenye breki mbovu halisiti. Katika jiji la Salt Lake City, Marekani, Lester Wire aliongoza kikosi cha trafiki. Askari wake walisimama saa nyingi juani, mvuani na kwenye theluji, magari yakiwapita ubavuni. Mwaka 1912 akatengeneza sanduku la mbao lenye taa nyekundu na kijani, akalipandisha juu ya mlingoti na kuliunganisha na nyaya za umeme za tramu. Askari sasa aliweza kukaa kando na kubadili taa kwa swichi.

Agosti 5, 1914, jiji la Cleveland, Ohio, lilizindua taa za umeme zilizoendeshwa na askari akiwa ndani ya kibanda. Mfumo huo uliweza pia kusimamisha magari yote pindi gari la zimamoto linapopita. Mwaka 1920 askari mwingine, William Potts wa Detroit, akakabiliana na tatizo jipya: waliokuwa wakiongoza pande nne za makutano walishindwa kubadilisha ishara kwa wakati mmoja. Akaazima rangi za reli, akaingiza njano kati ya nyekundu na kijani, akatengeneza taa moja inayotazama pande zote nne. Taa ya rangi tatu inayotusimamisha leo Mwenge, Dar es Salaam, au katikati ya Nairobi ni mtoto wa kazi ile. Miaka saba baadaye, mjini Wolverhampton, Uingereza ikapata taa zake za kwanza zilizojibadilisha zenyewe.

Waliobaki kutumia mikono walihitaji lugha moja. Toleo la kwanza la kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza, lililotoka Aprili 1931, lilitenga takriban theluthi ya kurasa zake kwa ishara za mikono, za madereva na za askari. Mkataba wa Vienna ukazifanya kuwa za kimataifa. Mkono ulioinuliwa wima unasimamisha pande zote, isipokuwa aliyekwisha kukaribia kiasi kwamba hawezi tena kusimama kwa usalama. Mkono au mikono iliyonyooshwa mlalo inawasimamisha wale ambao njia yao ingekata mwelekeo wa mikono hiyo, yaani walio mbele na nyuma ya askari. Taa nyekundu inayopungwa usiku inamsimamisha yule inayemwelekea.

Lakini ishara pekee haimlindi mtu. Askari aliyefunzwa vizuri humtazama dereva machoni kabla ya kuinua mkono. Husimamisha upande mmoja, hungoja magari yasimame kweli, ndipo hugeukia upande wa pili. Haruhusu upande mpya kabla makutano hayajawa wazi. Zaidi ya yote, husimama mahali anapoonekana tangu mbali. Glovu nyeupe zinaifanya kazi hiyo mchana, na sare nyeupe za trafiki wa Tanzania vilevile. Usiku weupe hautoshi. Kinachomwokoa ni kizibao cha rangi kali chenye mistari inayoakisi mwanga wa taa za gari.

Barani kwetu, jaribio linalojulikana zaidi la kumwondoa askari kwenye hatari hiyo lilianza Kinshasa mwaka 2013. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake waliweka barabarani roboti za alumini, ndefu kuliko mtu, zinazotumia umeme wa jua, zenye mikono inayozunguka, taa nyekundu na kijani, na kamera za kurekodi magari. Zilisimama kwenye jua na mvua bila kuchoka. Hata hivyo, roboti haiwezi kumfuata dereva aliyekaidi, wala kuacha nafasi yake imshike mkono mzee avuke.

Dar es Salaam na Nairobi zimebaki kuutegemea mkono wa askari hata penye taa. Taa ya muda maalumu hugawa dakika zilezile, foleni iwe ya magari matano au ya kilomita mbili, na askari huona tofauti hiyo. Makutano ya Ubungo, Dar es Salaam, yalikuwa mfano mkubwa, hadi barabara za juu za Kijazi zilipofunguliwa Februari 2021. Lakini nguvu hiyo ya askari ina gharama yake. Askari akiushikilia upande mmoja kwa muda mrefu, foleni ya upande wa pili hufika makutano mengine asiyoyaona, na waenda kwa miguu hukosa zamu ya kuvuka. Askari wa makutano jirani wakiongea kwa redio, na taa zikipewa uwezo wa kupima foleni, mkono na taa vitasaidiana badala ya kupingana.

Historia hii ina hukumu iliyo wazi. Kila kizazi kilichotaka barabara salama kilianza kwa kumlinda anayeziongoza. Wenye mamlaka wana wajibu wa kumpa trafiki kizibao cha kuakisi mwanga, redio, mafunzo ya mara kwa mara na zamu ambazo mwili wa binadamu unaweza kuzibeba. Nawe dereva wa daladala, matatu, bodaboda au gari lako mwenyewe, ukimkuta afande katikati ya makutano, punguza mwendo, utazame mkono wake, uutii, hata kama taa inasema vingine.