Tableti Zilifungiwa, Mwalimu Akafunguka

Wasee, tunapenda kusema walimu wetu ni wa kizamani. Mimi pia nimesema hivyo sana. Leo nataka kujikosoa, lakini kwanza historia kidogo.

Redio ndiyo ilitangulia. Wazazi wetu walisikiliza vipindi vya shule darasani, mwalimu amesimama kando. Halafu 2013 serikali ya Jubilee ikaingia na ahadi ya laptop kwa watoto wa darasa la kwanza. Tulingoja hadi 2016 vifaa vianze kusambazwa, na vilipofika vikawa tableti. Mimi nilikuwa darasa la saba. Shuleni kwetu ziliwekwa kwa kabati la chuma ofisini mwa mwalimu mkuu, kufuli mbili. Tulikuwa tunazichungulia dirishani kama mandazi ya kantini.

Sasa linganisha na Peter Tabichi wa Keriko, kule Njoro. Shule yao ilikuwa na kompyuta moja tu na intaneti ya kusuasua. Jamaa alikuwa anaenda saiba, anapakua masomo, anarudi kuyatumia darasani bila mtandao. 2019 akashinda Global Teacher Prize huko Dubai, dola milioni moja. Kompyuta moja! Sisi tulikuwa na kabati zima.

Nilidhani tofauti ni uvivu. Machi 2020 korona ikafunga shule, KICD ikapeleka masomo redioni na kwa runinga. Siku moja mwalimu wangu wa zamani wa Sayansi, jirani yetu mtaani, akabisha mlango. "Kijana, nifunze kurekodi." Nikamuuliza, "Na zile tableti, Mwalimu?" Akacheka kidogo. "Nikiharibu moja ningeilipa na nini? Na nani alinionyesha kuitumia?"

Manze, nilinyamaza.

Video zake za kwanza zilimkata kichwa, ubao tu ndio ulionekana. Ya pili, jogoo aliwika mpaka mwisho. Lakini alirudia. Alinunua bando kwa pesa yake, akatuma masomo WhatsApp, na kwa wazazi wenye mulika mwizi akaandika maswali kwa karatasi, akapeleka kwa miguu. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, aliingia darasani na spika ndogo mkobani. Siku hizi anawarekodi watoto wakieleza majaribio yao wenyewe.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nyumbani hiyo stori bado ni moto. Mwalimu hakunihubiria. Aliniuliza tu, "Ile ya kuondoa kelele kwa video unafanyaje?" Nikamwonyesha, akaandika kwa daftari.

Kwa hivyo serikali ikileta vifaa vingine, tusiulize tu ni vingapi. Tuulize mwalimu atafunzwa na nani, na kikivunjika nani analipa. Hayo maswali mawili yangefungua lile kabati 2016.