Mlo Uliokatwa kwa Mkasi

Kwa miongo kadhaa, Jumapili asubuhi katika nyumba nyingi za Marekani, gazeti liligawanywa kabla halijasomwa. Mmoja alichukua kurasa za michezo, watoto wakagombania katuni, na mama wa nyumbani akabaki na kile kijitabu cha rangi kilichodondoka katikati. Ndani yake kulikuwa na kuponi za bei nafuu, na pembeni mwa kuponi picha ya chakula kilichoiva na maelezo ya kukipika. Mkasi ulifuata mistari ya vidoti. Kuponi ziliingia kwenye bahasha ya kwenda nayo dukani, mapishi yakabandikwa kwenye kadi na kuwekwa katika kisanduku karibu na jiko.

Vitu hivyo viwili havikuzaliwa pamoja. Kuponi ilianza na kinywaji: mwishoni mwa miaka ya 1880 zilianza kugawiwa karatasi zilizompa aliyenazo glasi moja ya Coca-Cola bila malipo, na Asa Candler, mfanyabiashara wa dawa wa Atlanta, akazieneza kila pembe ya nchi. Mapishi ya bure yalipita njia nyingine. Katika mji mdogo wa LeRoy, jimbo la New York, seremala Pearle Wait alitengeneza jeli ya unga ambayo mkewe, May, aliipa jina la Jell-O. Mwaka 1899 waliiuza kwa jirani yao, Orator Woodward, kwa dola 450. Bidhaa hiyo ilikuwa ngeni, na mpishi hawezi kununua kitu asichojua atakifanyia nini. Kwa hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ikachapisha vijitabu vya mapishi na kuvigawa bure, nyumba hadi nyumba, kwa mamilioni ya nakala.

Viwanda vingine vikajifunza. Mwaka 1897 John Dorrance, mkemia wa kampuni ya Campbell mjini Camden, New Jersey, alifanikiwa kutengeneza supu nzito isiyo na maji mengi, ikafungwa kwenye kopo dogo na kuuzwa senti 10. Mwaka 1916 kampuni ilitoa kitabu kilichowaonyesha wapishi kwamba supu hiyo si ya kunywa tu, bali inaweza kuwa mchuzi wa chakula kingine. Supu ya uyoga yenye krimu ilipoingia sokoni mwaka 1934, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ilichukua nafasi ya ule mchuzi mweupe uliohitaji siagi, unga, maziwa na mkono mzoefu. Huko Minnesota, kwenye Walutheri wengi, iliingia katika vyakula vya mikusanyiko ya kanisa kiasi kwamba watu waliibandika jina la gundi ya Walutheri.

Nyuma ya mapishi hayo walikuwapo wanawake waliosomea sayansi kimu, fani ambayo kwa wengi wao ilikuwa mojawapo ya milango michache ya kuingilia kiwandani kama wataalamu. Majina yao hayakuandikwa. Kampuni moja ya unga ilibuni mwaka 1921 jina la Betty Crocker ili lijibu barua za wateja, na umma ukamjua mwanamke huyo asiyekuwapo zaidi kuliko walioandika majibu.

Dorcas Reilly alikuwa mmoja wa wataalamu hao. Alihitimu katika chuo cha Drexel, Philadelphia, akaajiriwa na Campbell. Mwaka 1955 kikosi chake kilitakiwa kibuni chakula cha pembeni kwa ajili ya makala ya magazeti, kwa sharti moja gumu: kitumie vitu ambavyo karibu kila familia tayari inavyo kabatini.

Jibu lao lina vitu sita. Maharage machanga ya kijani yaliyopikwa, vikombe vinne hivi. Kopo moja la supu ya uyoga. Maziwa kidogo, kijiko cha chai cha sosi ya soya, pilipili manga, na vitunguu vilivyokaangwa vya kopo. Vyote huchanganywa katika bakuli lilelile litakaloingia kwenye oveni, isipokuwa sehemu ya vitunguu. Huokwa kwa muda wa dakika 25, kisha vitunguu vilivyobaki hunyunyizwa juu na bakuli kurudishwa dakika tano ili viwe vikavu na vya rangi ya dhahabu. Hakuna hatua ya kumtisha anayeanza kupika, na aliyekosa maharage mabichi hutumia ya kopo au ya friza.

Baadaye mapishi hayo yalichapishwa kwenye kopo lenyewe, na leo ni chakula cha mamilioni ya meza katika Sikukuu ya Shukrani. Waandishi walipomtafuta Reilly miaka mingi baadaye, hakukumbuka kukibuni. Kwake kilikuwa kazi ya siku, kimoja kati ya mamia.

Kuponi nazo zilikuwa zimekua. Kufikia mwaka 1957 zilikuwa nyingi hata kampuni ya Nielsen ikaanzisha kituo cha kuzihesabu na kuyarudishia maduka fedha zake. Mwaka 1972 kampuni ya Valassis ya Michigan ilianza kukusanya kuponi za viwanda mbalimbali katika kijitabu kimoja cha kuingizwa gazetini, na humo kuponi na mapishi vikakaa ukurasa mmoja. Kwa familia yenye mshahara mdogo, muungano huo ulikuwa na maana. Punguzo la senti chache kwenye kopo ni akiba, lakini kopo peke yake si chakula. Yale maelezo ya mistari kumi ndiyo yaliyogeuza makopo matatu na kuku mmoja kuwa mlo wa watu watano.

Chumvi ilikuwa nyingi, na kila kijiko kilikusudiwa kuuza bidhaa fulani. Hata hivyo aliyerudi kazini saa kumi na mbili jioni na kukuta watoto wana njaa alipata msaada wa kweli.

Mwaka 2002 Campbell ilikabidhi kadi ya awali ya mapishi ya maharage kwa jumba la heshima la wavumbuzi la taifa, huko Akron, Ohio. Reilly alifariki mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 92. Kadi yake, karatasi ya kazi ya jikoni, ilipewa nafasi miongoni mwa kumbukumbu za wavumbuzi wa mitambo.