Kabla Hujapiga Picha na Hiyo Glasi ya Waini

Kuna watu Cape Town wanaitwa September. Wengine ni February, April, October. Si jina la usanii, ni jina la ukoo. Wenyewe huko wanaeleza kwamba lilianza na babu aliyeshushwa kwenye meli akiwa mtumwa. Bwana wake hakuwa na haja ya kujua anaitwa nani kwao, akampa jina la mwezi aliofika. Basi.

Nawaambia haya kwa sababu tangu niweke picha za safari yetu ya gari kule Afrika Kusini, kila mtu ananiuliza bei. Bei nitawapa siku nyingine. Leo tuongee kuhusu hao kina September.

Njia yenyewe ni moto, sitadanganya. Ukitoka Gordon's Bay kwenda Rooi-Els, mlima uko kushoto, bahari iko kulia, kona baada ya kona. Betty's Bay kuna pengwini. Hermanus, kati ya Juni na Novemba, unaona nyangumi ukiwa umesimama tu juu ya miamba. Halafu unarudi ndani, Stellenbosch na Franschhoek, mizabibu mpaka macho yachoke, na nyumba nyeupe kila mtu anapigia picha.

Shamba moja tulilosimama, kijana wa kutembeza wageni alitupa historia yote ya waini kwa dakika ishirini. Wafaransa Waprotestanti waliokimbia mateso kwao wakafika 1688, sawa. Napoleon akiwa kifungoni St Helena akinywa waini ya Constantia, sawa. Neno "mtumwa" halikutoka mdomoni mwake hata mara moja.

Sasa hesabu mwenyewe. Waholanzi walitia nanga pale 1652, kulisha meli zao za kwenda Asia. Mwaka wa 1658 zikaja meli 2 zenye watumwa, moja na watu wa Angola, wengi wao watoto, nyingine kutoka Afrika Magharibi. Februari 1659 waini ya kwanza ikakamuliwa. Mpaka biashara hiyo ilipopigwa marufuku 1808, watu zaidi ya 60,000 walikuwa wameletwa, kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagascar na Msumbiji. Hawa wa Msumbiji waliitwa Masbieker. Hiyo ni Bahari yetu ya Hindi, wasee, siyo mbali.

Ile ya kunishangaza zaidi: Simon van der Stel, gavana ambaye Stellenbosch imebeba jina lake, na aliyeanzisha shamba la Constantia 1685, nyanya yake upande wa mama alikuwa mtumwa kutoka India. Na bado alimiliki watumwa.

Uingereza ikafuta utumwa 1834, lakini watu wakalazimishwa kufanyia mabwana walewale kazi miaka 4 zaidi, eti wanajifunza uhuru. Fidia ilitolewa, ndiyo. Kwa mabwana.

Na hapa ndipo waini yenyewe inaingia. Mashambani kulikuwa na kitu kinaitwa dop: sehemu ya malipo yako unapewa kwa kikombe cha waini, asubuhi, mchana, jioni. Mtu akishazoea kikombe, ataenda wapi? Sheria ilikataza dop miaka ya 1960, lakini kuna mashamba yaliendelea nayo mpaka miaka ya 1990. Leo mkoa huo ni kati ya sehemu zenye watoto wengi zaidi duniani waliozaliwa wameathiriwa na pombe tumboni. Mimi huwezi kuniambia hiyo ni tabia ya watu. Hiyo ilipandwa, kama mizabibu.

Mkienda, msiishie Franschhoek. Shukeni mpaka Elim, karibu na Agulhas, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari Wamoravia 1824. Nyumba ni za chokaa, zimeezekwa kwa nyasi, na kuna mnara wa kukumbuka kuachiliwa kwa watumwa, uliojengwa 1938. Tulikuwa peke yetu pale, hakuna mtu na simu hewani. Na ndiyo, siku hizi pande hizo pia wanalima zabibu za waini.