Pipa la Seneta: keg ilivyozaliwa na ushuru, ikaishia kwenye sherehe

Mwenye sherehe nchini Kenya akitaka kuwakata kiu wageni wake, ana njia mbili. Anaweza kununua kreti nne za bia ya chupa, kila kreti chupa 25, akapata chupa 100 za nusu lita. Au anaweza kumpigia simu msambazaji aletewe pipa moja la keg la lita 50 ambalo, kwa hesabu ya karatasi, linatoa vikombe 100 vya nusu lita. Kiasi ni kilekile, lakini bei haikaribiani. Tofauti hiyo haitokani na chuma cha pipa, wala na ufundi wa mpishi wa bia. Kwa sehemu kubwa imetokana na ushuru, na nyuma ya uamuzi wa kuulegeza ushuru huo kuna makaburi.

Kunywa kutoka chombo kimoja kikubwa si jambo geni kwetu. Wateso na Waluhya walikaa tangu zamani kuzunguka chungu, kila mzee na mrija wake mrefu, wakinyonya pombe ya nafaka huku mambo ya ukoo yakizungumzwa. Kwa Wakikuyu, posa haikwenda bila muratina ya asali. Pwani, mgema alishuka na tembo la mnazi asubuhi na ilibidi linywewe siku ileile, maana kesho yake limeshakuwa kali. Mwenye shughuli hakununua pombe. Aliipika au alipikiwa, na akina mama wa boma walijua ni siku ngapi kabla ya arusi nafaka iloweshwe.

Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoingiza mkono chunguni. Sheria ya machifu iliwapa machifu uwezo wa kudhibiti upikaji wa pombe, na mtu aliyetaka kupika kwa ajili ya tohara au mazishi alijikuta akiomba ruhusa kwanza. Mjini Nairobi, katika miaka ya 1920, manispaa ilihodhi biashara ya pombe ya Waafrika na kufungua ukumbi wake Pumwani. Mwafrika alikatazwa kupika nyumbani, akaambiwa akanywe kwenye kilabu cha baraza, na faida yake ikagharamia huduma za Waafrika haohao. Kwa ufupi, mnywaji maskini alijilipia huduma kupitia koo lake.

Bia ya chupa ilikuwa dunia nyingine. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries mwaka 1922. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na jina la bia yao ya Tusker, yaani ndovu mwenye pembe, likatokana na mkasa huo. Kwa miaka mingi bia hiyo ilikuwa ya Wazungu. Ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo Mwafrika wa Kenya aliporuhusiwa kisheria kuinywa, na tangu hapo chupa ikawa alama ya heshima: kreti mbele ya hema ilimwambia mgeni kwamba mwenye nyumba anajiweza. Mtazamo huo haujafa.

Asiyejiweza alibaki na chang'aa. Bunge liliipiga marufuku kwa sheria maalumu ya mwaka 1980, lakini marufuku hayakuimaliza. Yaliisukuma vichochoroni na kando ya mito, ambako hakuna mkaguzi wala anayejua kilichomo ndani ya jerikeni. Kinywaji kilichoitwa kumi kumi kilipata jina lake kwa bei yake ya shilingi kumi. Novemba 2000, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, hasa Mukuru, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005 zamu ikawa ya Machakos, wakafa karibu 50. Methanoli haina dalili ya haraka. Mnywaji hulewa kama kawaida, hulala, kisha huamka akiuliza mbona taa hazijawashwa.

Kati ya misiba hiyo miwili, mwaka 2004, kampuni ya East African Breweries iliingiza sokoni Senator Keg. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa David Mwiraria. Hoja iliyowekwa mezani ilikuwa rahisi kueleza: mnywaji wa chang'aa hataiacha kwa kuhubiriwa, ataiacha akipata kitu salama kwa bei anayoimudu. Bia ya kawaida haingeweza kushuka hadi bei hiyo kwa sababu ushuru ulikula sehemu kubwa ya kila chupa. Serikali ikakubali kuulegeza, lakini kwa masharti: bia itengenezwe kwa mazao ya nchini, na iuzwe kwa pipa. Chupa, lebo, kizibo na kreti vikaondolewa kwenye hesabu. Uganda ilikuwa imetangulia kidogo. Mwaka 2002 Nile Breweries ilileta Eagle Lager ya mtama baada ya kupunguziwa ushuru, ingawa yao ilibaki kwenye chupa.

Pipa lenyewe halikuwa uvumbuzi wa East African Breweries. Kwa karne nyingi Waingereza walihifadhi bia kwenye mapipa ya mbao, na tatizo ni kwamba pipa likishafunguliwa, hewa huingia na bia huchacha baada ya siku chache. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930, kilabu kimoja cha tenisi huko East Sheen, London, kilikuwa kikipata wanywaji wikendi tu, na bia yao iliharibika kabla ya Jumamosi nyingine. Kiwanda cha Watney kikawajaribishia bia iliyochujwa na kupashwa moto kuua vijidudu, ikafungwa kwenye pipa la chuma pamoja na gesi ya kaboni. Baadaye teknolojia hiyo ilienea kiasi kwamba mwaka 1971 wapenzi wa bia ya jadi huko Uingereza waliunda chama cha kuipinga, wakidai keg imeua ladha. Ni kichekesho cha historia: chombo ambacho Waingereza walikishtaki kwa kuharibu bia nzuri, Kenya ilikipokea kikiwa dawa ya pombe mbaya.

Wanywaji wenyewe waliipokea kwa namna yao. Mwezi Novemba mwaka huohuo wa 2004, Barack Obama alichaguliwa kuwa seneta wa Illinois, na huko Nyanza mtu aliyetaka Senator alianza kumwambia mhudumu amletee Obama. Jina likasafiri nchi nzima. Hakuna idara ya matangazo ambayo ingeweza kununua bahati ya aina hiyo, na alipoingia Ikulu ya Marekani mwaka 2009, bia ya pipa ilikuwa tayari imeshamzoea.

Kwa lile sharti la mazao ya nchini, mkulima naye aliingia kwenye hadithi. Kampuni ilianza kununua mtama kwa wingi, hasa aina ya gadam inayovumilia ukame, kutoka Kitui, Makueni na Tharaka, sehemu ambazo mahindi humwacha mkulima mikono mitupu msimu mmoja baada ya mwingine. Mtama ambao zamani ulikuwa chakula cha njaa na cha ndege ukawa na mnunuzi mwenye mkataba. Kwa hiyo ilipofika wakati wa kuugusa tena ushuru, hawakuwa walevi peke yao waliopiga kelele.

Wakati huo ulifika mwaka 2013. Hazina ya Kitaifa, chini ya Henry Rotich, ilihitaji fedha, na bia iliyokuwa ikiuzwa kwa wingi bila kulipa ushuru ilionekana kama mfuko uliosahauliwa. Ikatozwa nusu ya ushuru wa kawaida. Bei ya kikombe ikapanda, na mauzo ya Senator yakaporomoka kwa zaidi ya nusu. Baa za keg zikafunga na mtama ukawadodea wakulima magunia yakiwa nyumbani. Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua tena makumi ya watu katika kaunti za Embu, Kiambu na nyinginezo. Sisemi kwamba kila aliyekufa angekuwa anakunywa keg siku hiyo; hilo hakuna awezaye kulithibitisha. Lakini aliyetaka kujua mtu maskini huenda wapi kikombe kinapopanda bei alipata jibu mapema mno. Mwaka 2015 serikali ilirudi nyuma na kutoa msamaha wa asilimia 90 kwa bia ya mtama, wimbi na mihogo. Miaka miwili baadaye kampuni ikatangaza kujenga kiwanda cha shilingi bilioni 15 Kisumu, kikaanza kazi mwaka 2019, na mtama wa Siaya, Homa Bay na Migori ukapata soko karibu na nyumbani.

Katika haya yote, hakuna aliyeipanga keg iwe bia ya sherehe. Ilikusudiwa baa ya mabati, meza ya mbao, na kikombe kimoja baada ya kazi ya kutwa. Lakini chombo cha lita 50 kina tabia yake, kinaita watu. Vijana waliochangishana kwa ajili ya siku ya kuzaliwa, kikundi cha bodaboda kinachofunga mwaka, familia yenye hema la ruracio, yaani sherehe ya mahari, na wageni wasiohesabika, wote waligundua kwamba pipa moja linawatosha pale ambapo kreti zingewamaliza mfukoni. Aibu ingalipo. Nimeona pipa likiwekwa nyuma ya nyumba, karibu na masufuria ya pilau, huku kreti mbili za chupa zikipangwa mbele kwa ajili ya wazee na wakwe. Saa mbili usiku, wazee walikuwa nyuma ya nyumba.

Pipa lililojaa linapita kilo 60, kwa hiyo hubebwa na watu wawili, na likitikiswa njiani hulipiza kisasi kwa povu. Fundi anayejua kazi yake huliacha litulie saa kadhaa kwenye beseni, limezungukwa na barafu au magunia yaliyoloweshwa, kwa sababu bia yenye joto hutoa povu jeupe kikombe kizima. Kisha huchomeka kichwa cha bomba juu na kukizungusha hadi kinase. Gesi huingia juu ya bia na kuikandamiza, nayo hupanda kwa mrija wa chuma ulio katikati ya pipa hadi kwenye bomba. Vikombe viwili vitatu vya kwanza ni povu na humwagwa. Kikombe huinamishwa bia iteleze ubavuni, na husimamishwa kikikaribia kujaa. Asiyejua hili hufungua bomba nusu akidhani anabana matumizi, kumbe ndivyo anavyozidisha povu, na vile vikombe 100 vya kwenye karatasi vinapungua.

Basi kama wikendi hii unanunua pipa, mwulize msambazaji lilijazwa lini, na uliza linakuja na mtungi wa gesi au na pampu ya mkono. La gesi linaweza kuendelea kesho yake. La pampu huingiza hewa ya kawaida, kwa hiyo liishe usiku huohuo. Amana ya pipa na ya bomba udai risiti yake, maana chombo ni mali ya kiwanda na utakirudisha. Weka maji safi na sabuni karibu na vikombe, kwa sababu keg imesingiziwa matumbo mengi yaliyoharibiwa na kikombe kilichosuuzwa kwenye ndoo moja kutwa nzima. Wenye funguo za gari wapangie usafiri kabla bomba halijafunguliwa. Na bia ikibaki, igawe bure kwa majirani. Kuuza hata kikombe kimoja bila leseni ni kosa chini ya sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, hata kama unachotaka ni kurudisha gharama ya hema tu.