Lugha na Tiba katika Hospitali ya Mengo, 1897–1938

Habari za wamisionari wa kwanza waliokwenda Uganda zimekwisha kuandikwa mara nyingi, na waandishi wake wengi wametazama hasa mambo makubwa: vita vya dini, mauaji ya waumini, na mapatano ya watawala. Kazi ya kila siku ya waganga na wauguzi wa misioni imetajwa kwa haraka tu, kana kwamba kufunga vidonda na kugawa dawa ni jambo lisilo na historia. Madhumuni ya makala haya ni kuitazama kazi hiyo kama ilivyofanyika juu ya kilima cha Namirembe, katika Hospitali ya Mengo, na hasa kuonyesha jinsi ilivyotegemea maneno. Mganga mgeni aweza kuja na visu vyake na chupa zake kutoka kwao. Lakini maradhi ya mgonjwa huyajua kwanza kwa kusimuliwa, na masimulizi ni lugha.

Albert Ruskin Cook alizaliwa London mwaka 1870. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza utabibu katika Hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 chama cha Church Missionary Society kilimpeleka Uganda pamoja na wenzake kadhaa, miongoni mwao muuguzi aitwaye Katharine Timpson, ambaye walioana naye mwaka 1900. Reli ilikuwa bado. Haikufika ukingoni mwa Ziwa Victoria mpaka Desemba 1901. Kwa hiyo walitoka Mombasa kwa miguu, dawa na vyombo vyote vikichukuliwa na wapagazi, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Walifika Mengo mwezi wa Februari 1897. Katika msafara huo alikuwamo George Pilkington, mfasiri mkubwa wa Biblia ya Kiganda, ambaye aliwafundisha wenzake Kiganda njiani. Basi somo la kwanza la mganga huyu katika Afrika halikuwa somo la homa wala la vidonda, bali la sarufi.

Yafaa kuuliza kwa nini Kiswahili kisingetosha. Kiswahili kilikuwa kimetangulia kufika Buganda pamoja na wafanyaji biashara wa pwani. Katika baraza la Kabaka Mutesa kilifahamika, na Alexander Mackay alipofika mwaka 1878 alifundisha kwanza kwa lugha hiyo. Athari zake zimebaki katika Kiganda hata katika vitu vya hospitali: sabuni ni ssabbuuni, na pamba ni ppamba. Lakini mwanamke aliyetoka kijijini na mtoto mgonjwa mgongoni hakuwa mtu wa baraza. Yeye alikuwa na Kiganda chake tu, na tabibu asiyekijua alilazimika kumsikia kwa kinywa cha mtu wa tatu. Kila asomaye habari za tafsiri ajua ni mangapi hupotea katika safari hiyo fupi ya kutoka kinywa kimoja hata kingine.

Hospitali ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1897, nayo ilikuwa nyumba ya matete na udongo, imeezekwa kwa nyasi. Haukuwa mwaka wa raha. Mwezi wa Julai Kabaka Mwanga aliasi. Baadaye askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la Waingereza nao wakaasi, na vita vikahamia Busoga. Cook alikwenda huko kutibu majeruhi, na mwezi wa Desemba Pilkington akauawa katika mapigano. Nyumba ya pili ya hospitali, iliyokuwa kubwa zaidi, ilipigwa na radi mwaka 1902 ikateketea. Ndipo ikajengwa ya matofali.

Mwendo wa siku ulikuwa ule ule uliojulikana katika hospitali nyingi za misioni. Asubuhi ilianza kwa sala na somo fupi, wagonjwa wa nje wakiwa wamekwisha kukusanyika. Kisha wakaonwa mmoja mmoja: wenye vidonda vya miguu, wenye macho mabovu, wenye homa, wenye watoto wasionyonya. Baada ya hao palikuwa na kazi ya upasuaji, na kuwazungukia waliolazwa. Ndugu za wagonjwa walikaa nao, wakawapikia na kuwalinda usiku, hata hospitali ikawa nusu yake ni kijiji. Kazi ya muuguzi ilikuwa hapo katikati: kuhakikisha maji yamechemshwa, kufua bendeji, kuwafundisha wasaidizi wa Kiganda, na kumweleza mama mkwe kwa nini mgonjwa asipewe chakula kabla ya kupasuliwa. Mambo hayo hayaamriwi kwa ishara ya mkono. Yahitaji maneno, tena maneno ya adabu, kwani mtu mzima hakubali kufundishwa na mgeni asiyejua kumwamkia.

Msomaji asidhani kwamba Waganda walikuwa wakingoja kuletewa fikira ya uganga. Neno omusawo, maana yake mganga, lilikuwapo zamani, na baadhi ya wataalamu hulihusisha na ensawo, yaani mfuko, kwa sababu ya mfuko wa dawa. Waganda walimpa tabibu wa Kizungu jina hilo hilo, wakimhesabu kuwa wa jamii moja na waganga wao. Wala ustadi wa waganga wa nchi haukuwa mdogo. Mwaka 1879 Robert Felkin, mganga mwingine wa misioni, alishuhudia katika Bunyoro mama akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Mganga alitumia pombe ya ndizi kumlevya mama na kuosha mikono yake na tumbo la mgonjwa, akazuia damu kwa chuma cha moto, akafunga jeraha kwa vijiti vya chuma vilivyochongoka. Mama na mtoto wote wawili walikuwa hai Felkin alipoondoka. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1884.

Jina la hospitali yenyewe nalo lina mafundisho. Kiganda husema eddwaliro, kutokana na kitenzi okulwala, kuugua, kikiwa katika kauli ya kutendea: mahali pa kuugulia. Kiswahili kimechukua neno la kigeni, hospitali. Lakini kutokana na kuugua sisi tumepata kuuguza na muuguzi. Mganda ametaja mahali, Mswahili amemtaja mtu. Asili ya fikira ni moja, kwamba ugonjwa si jambo la kuachiwa mgonjwa peke yake.

Mipaka ya maneno ndiyo iliyokuwa mtihani wa kila siku. Mgonjwa alisema ana omusujja, kama Mswahili asemavyo ana homa, na neno hilo lilichukua kila joto la mwili, liwe la mbu, la kifua au la jeraha. Mwaka 1904 ilithibitishwa katika Uganda hiyo hiyo kwamba homa irudiayo mara kwa mara huletwa na papasi. Basi neno moja la mgonjwa likagawanyika chini ya darubini kuwa maradhi mawili au matatu, kila moja na dawa yake. Vivyo hivyo olubuto ni tumbo, tena ni mimba. Tabibu aliyesikia neno hilo kwa mwanamke hakuwa na budi kuuliza tena, na kuuliza kwa heshima. Haishangazi, basi, kwamba Cook alitunga msamiati wa maneno na maswali ya kiganga kwa Kiganda, kwa ajili ya wale watakaofuata. Kitabu cha namna hiyo ni chombo cha tiba sawa na darubini.

Mara nyingine lugha ya watu ilikuwa imekwisha kufanya nusu ya kazi. Mwaka 1901 Albert Cook na ndugu yake, Jack Cook, aliyekuwa tabibu pia, waliona hapo Mengo wagonjwa wenye kusinzia na kudhoofika, wakatambua ya kuwa ni malale. Watu waliyaita mongota, kwa sababu ya kule kusinzia na kuangusha kichwa. Kiswahili nacho kimeyaita malale kutokana na kulala. Mwaka 1903 David Bruce alionyesha kwamba huenezwa na mbung'o. Lakini maarifa hayo hayakuja na dawa. Yakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Busoga, Buganda na visiwa vya ziwa kwa miaka michache, na waliosalia ukingoni wakahamishwa na serikali. Kwa wagonjwa wa mongota waliolazwa, kazi ya muuguzi ilikuwa kuwalisha, kuwageuza na kuwasafisha mpaka mwisho wao. Kazi hiyo haina ushindi wa kuandikwa, na pengine ndiyo sababu wanahistoria wameipita.

Pale Mengo neno liliweza pia kupoteza, na katika jambo la kabotongo madhara yake hayakuwa haba. Kabotongo ni jina la Kiganda la maradhi yenye vidonda vya ngozi, nalo likafasiriwa kuwa kaswende, ile iambukizwayo kwa zinaa. Kwa kuwa wengi walisema wamepata kabotongo, hesabu ya wenye kaswende ikawa kubwa mno. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, mganga wa jeshi la Uingereza, alichapisha habari kwamba sehemu kubwa ya Waganda wameambukizwa, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni kwamba dini ya Kikristo ilikuwa imelegeza ulinzi wa zamani juu ya wanawake. Wamisionari hawakuikubali lawama hiyo. Lakini hata wao, na Cook pamoja nao, waliamini kwamba maradhi hayo yameenea kupita kiasi. Taifa zima likasemwa kuwa limeharibika tabia.

Mwaka 1956 J. N. P. Davies, mtaalamu wa maradhi katika Makerere, aliitazama upya historia hiyo. Alieleza kwamba kabotongo ya zamani yaelekea ilikuwa kwa sehemu kubwa maradhi ya utotoni, yaambukizwayo kwa kuguswa na kwa kuishi pamoja, wala si kwa zinaa. Na buba, ambayo hufanana nayo, yaweza kuchanganywa nayo kwa urahisi. Ikiwa ni hivyo, watu wengi walihukumiwa mwenendo wao kwa kosa la tafsiri. Hakuna aliyetaka kudanganya. Mgonjwa alisema neno lake kwa haki, na mganga akaandika neno lake kwa haki. Ila mipaka ya maneno hayo mawili haikuwa sawa, na hakuna aliyeipima.

Hata hivyo hofu ile ilizaa jambo jema. Vifo vya watoto wachanga vilihusishwa na kaswende, na mwaka 1918 Katharine Cook akaanzisha shule ya wakunga hapo Mengo. Wasichana wa Kiganda walifundishwa kwa Kiganda, na kitabu cha ukunga kikaandikwa kwa lugha hiyo. Waliofuzu wakapelekwa katika nyumba za uzazi za mikoani. Mkunga aliitwa omuzaalisa, neno la kauli ya kutendesha, sawasawa na mzalisha wa Kiswahili. Hapa mafunzo hayakupita tena kwa mkalimani. Mwenye kufundishwa na mwenye kuzaa walikuwa na lugha moja, na kwa maoni yangu jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko majengo yote ya matofali. Katharine alifariki mwaka 1938, na mumewe mwaka 1951.

Limebaki jambo moja la kazi ya kila siku, nalo ni kuandika. Tangu mwanzo Cook alishika desturi ya kuandika habari za kila mgonjwa aliyelazwa, na vitabu hivyo vikahifadhiwa, vikawekwa Makerere katika maktaba iliyopewa jina lake. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa Kampala, alieleza uvimbe wa saratani ushikao taya za watoto. Swali likawa: je, ni maradhi mapya? Davies na wenzake walivipekua vitabu vya Mengo tangu 1897 mpaka 1956, wakachapisha matokeo mwaka 1964. Wakaonyesha kwamba uvimbe wa namna hiyo ulikuwa umekwisha kuandikwa hapo tangu miaka ya mwanzo. Yule aliyeandika hakulijua jina lake. Aliandika alichokiona, taya ya mtoto fulani wa mahali fulani, na baada ya miaka hamsini uandishi huo ukajibu swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

Kwa hiyo vitabu vile vile vyatupa mafundisho mawili. Pale mwandishi alipoandika alichokiona, kazi yake imedumu. Pale alipofasiri neno la mgonjwa kwa neno lake mwenyewe, akaliacha la mgonjwa, ametuachia fumbo. Laiti kila penye kaswende pangeandikwa pia kabotongo na maelezo ya mgonjwa, tungeweza hata sasa kusahihisha hesabu.

Mafundisho hayo yanawahusu watafiti wa Kiswahili pia. Majina ya maradhi katika pwani na bara hayakukusanywa yote, na yaliyokusanywa mara nyingi yamepewa fasiri ya neno moja tu la kigeni. Homa, safura, buba, chango na mengineyo yana mipaka ambayo hutofautiana toka mji hata mji. Yafaa wenye kutunga kamusi wakae na wakunga na waganga, waandike si jina tu bali na dalili, na umri wa mgonjwa, na maradhi gani mengine huitwa kwa jina hilo. Kazi hiyo ni ya polepole, lakini haihitaji chombo zaidi ya daftari na sikio lenye subira.