Kalamu ya Risasi na Sura za Miti

Kalamu tunayoiita ya risasi haina hata chembe ya risasi ndani yake. Jina hilo ni masalio ya dhana ya kale. Katika karne ya 16 watu wa Borrowdale, kaskazini ya Uingereza, walivumbua milimani mwao madini meusi, laini, yaachayo alama kila yanapogusa. Yakadhaniwa kuwa ni namna ya risasi. Siku hizi huitwa grafaiti. Thamani yake ilipanda hata Bunge, mwaka 1752, likatunga sheria kali juu ya wezi wa machimbo hayo.

Uingereza na Ufaransa zilipoingia vitani mwaka 1793, Wafaransa walikosa madini hayo. Mwaka 1795 Nicolas-Jacques Conté alipata hati ya uvumbuzi wake: kusaga grafaiti, kuichanganya na udongo wa mfinyanzi, na kuichoma tanuruni. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu na mstari wake hafifu. Grafaiti ikizidi, kalamu huwa laini na mstari wake mweusi. Kwa mchoraji wa miti jambo hili si dogo. Shina ni zito, majani ya mbali ni kama moshi, na baina yake hupenya mwanga. Vyote hivyo vyataka weusi wa daraja mbalimbali.

Walakini, wengi waliihesabu kazi ya kalamu kuwa ni maandalio tu ya picha za rangi. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu ni John Constable. Mwezi wa Oktoba 1817 alichora miti ya elmu katika bustani ya Old Hall, kijijini kwao East Bergholt, Suffolk. Mchoro huo, uliopakwa kijivu na nyeupe kidogo tu, umehifadhiwa katika Makumbusho ya Victoria and Albert, London. Magome, vifundo na matawi yametazamwa kwa makini, kama mtu atazamavyo nyuso za jamaa zake.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, maradhi ya kuvu wanaochukuliwa na mbawakawa yaliangamiza mamilioni ya elmu za Uingereza. Atakaye leo kujua jinsi elmu kubwa zilivyosimama katika Suffolk ya Constable hatazipata kwa kutembea kondeni. Itampasa aende makumbusho, aombe kuonyeshwa karatasi.